Homa ya siku ya nne

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini halitoki kwa madaktari, linatoka kwa akina bibi. Bibi kaja na mkwewe na chupa ya uji, anamtazama mjukuu wa siku tano akipakwa jeli utosini, anavumilia weee, mwisho uvumilivu unamshinda: "Dokta, huko ndani unatafuta nini hasa?" Mimi si daktari. Ni mtu wa picha, wa idara ya mionzi. Lakini Dar es Salaam ukishavaa koti jeupe umeshakuwa dokta, na nilishaacha kubishana.

Pale chumbani jibu langu huwa fupi kwa sababu kuna foleni nje. Hapa nina nafasi, basi nitajibu kwa kirefu, na kuhusu kundi moja tu la watoto: wale ambao mama zao walishikwa na homa ya virusi vinavyoletwa na mbu ujauzito ukielekea mwisho, au uchungu ukiwa umeshaanza. Na nikisema mbu, sisemi malaria.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Mjini kwetu homa ina majina matatu: malaria, taifodi na UTI. Mtu akipima malaria ikakosekana, anahamishiwa kwenye hayo mawili yaliyobaki, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Watafiti waliwahi kuwachunguza kwa kina watoto 1,005 wenye homa waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara mwaka 2008. Waliokutwa na malaria walikuwa kama 11 katika kila mia. Taifodi hawakufika wanne, UTI kama sita. Wenye ugonjwa wa virusi walikuwa saba katika kila kumi. Ni kweli hao walikuwa watoto wa kuanzia miezi miwili hadi miaka kumi, si wajawazito, lakini mkono unaoandika majibu ni ule ule. Mjamzito wa wiki 38 akija na homa, maungo yote yanamuuma, kipimo cha haraka cha malaria kikasoma hasi, kinachoingia kwenye kadi yake ya kliniki ni UTI. Siku akijifungua hakuna anayeikumbuka tena ile homa, hata yeye mwenyewe, maana ana mambo mengine ya kufikiria.

Mbu ninayemsema mimi ni Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla giza halijaingia. Hataki mitaro michafu. Anapenda maji safi yaliyotulia karibu na watu: ndoo ya bafuni, dumu lililokatwa mdomo, simtanki lililopoteza mfuniko, tairi nyuma ya gereji, sahani ya chini ya chungu cha maua pale barazani. Mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri maji yarudi. Watu hudhani ugonjwa wa mbu ni wa masika tu, lakini ukame nao una mchango wake. Mwaka 2004 chikungunya ilipolipuka Lamu, kisiwa kilikuwa kwenye kiangazi kikali na watu walikuwa wamejaza maji kila chombo ndani ya nyumba; damu zilipopimwa baadaye ilionekana kama robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Mkazi wa Dar anayeishi na mgao wa maji anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Virusi vyenyewe vinavyonihusu ni vitatu: dengi, chikungunya na Zika. Wala si wageni huku. Chikungunya ilielezwa kwa mara ya kwanza duniani kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu. Zika ilipatikana kwa nyani aliyewekwa kwenye kizimba msituni karibu na Entebbe mwaka 1947. Dengi, Dar es Salaam inaifahamu vizuri: 2014 ilitutikisa, na 2019 ilirudi na maelfu ya wagonjwa, wengi wao wa jiji hili hili.

Nianze na Zika, kwa sababu ndiyo iliyoufundisha ulimwengu kuangalia vichwa vya watoto wachanga.

Mwaka 2015, kaskazini mashariki mwa Brazili, madaktari wa watoto waliona vichwa vidogo mno vikizaliwa mfululizo. Daktari wa mishipa ya fahamu wa Recife, Vanessa van der Linden, ni miongoni mwa waliopiga kengele mapema. Adriana Melo, daktari wa wajawazito wa Campina Grande, alichukua maji ya uzazi ya wanawake wawili ambao picha za ultrasaundi zilionyesha watoto wao wana kasoro za ubongo, na virusi vya Zika vikapatikana humo. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura.

Picha za watoto wale nilizitazama sana kipindi hicho, usiku, kwenye simu, na ziliniondolea usingizi. Kichwa kidogo ni cha nje tu. Ndani, ganda la ubongo lililopaswa kujaa mikunjo limekuwa laini, limenyooka, hasa upande wa mbele. Vyumba vya maji ya ubongo vimetanuka kujaza nafasi ambayo tishu haikuota. Daraja linalounganisha ubongo wa kulia na wa kushoto ni jembamba, au halipo kabisa. Halafu kuna madoa ya chokaa, na hapo ndipo mtu wa picha anapokaa wima kwenye kiti: yamejipanga pale ganda la kijivu linapokutana na sehemu nyeupe. Virusi vya CMV, ambavyo navyo huwapata watoto tumboni, mara nyingi huweka chokaa yake kuzunguka vyumba vya maji. Mahali pa chokaa panakupa fununu ya mhusika. Hapakupi hukumu.

Jambo la pili walilotufundisha Wabrazili ni gumu zaidi. Mwaka 2016 van der Linden na wenzake walieleza habari za watoto 13 waliozaliwa na vipimo vya kichwa vya kawaida kabisa. Ukichukua futi kamba ungesema hawana neno. Picha zikaonyesha ubongo ulioathirika kwa wote 13, na 11 kati yao vichwa viliacha kukua kama inavyotakiwa miezi iliyofuata. Mtoto aliyetimiza miezi akizaliwa na mzunguko wa kichwa chini ya sentimita 31.9 kwa wa kiume, au 31.5 kwa wa kike, ataangaliwa na kila mtu. Huyu wa sentimita 33 atakwenda nyumbani na pongezi.

Kwa haki, Zika haimdhuru kila mtoto ambaye mama yake aliambukizwa. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama 5 hadi 15 katika kila mia. Na hapa kwetu, kulizungumza jambo hili kuliwahi kuwa na gharama. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, aliwaambia waandishi wa habari jijini kwamba utafiti umeonyesha dalili za maambukizi ya Zika kwenye baadhi ya damu zilizopimwa. Hazikupita siku mbili uteuzi wake ukatenguliwa. Baadaye alikwenda kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika huko Shirika la Afya Duniani, na akafariki Februari 2022. Mungu amrehemu. Nakumbuka wiki ile kazini: tulipiga picha kama kawaida, ila neno lenyewe lilitamkwa kwa sauti ya chini.

Sasa chikungunya, ambayo ndiyo inayonikosesha raha zaidi, maana yenyewe haionekani mtoto anapozaliwa, hata kwenye umbo la kichwa.

Baada ya Lamu na Mombasa, mlipuko ule uliingia Komoro, kisha ukafika kisiwa cha Réunion, ambako kati ya 2005 na 2006 zaidi ya theluthi moja ya watu waliugua. Madaktari wa kule walifuatilia wajawazito kwa makini ya kuhusudiwa. Mama aliyeugua na kupona wiki nyingi kabla ya kujifungua, mara nyingi mtoto wake alisalimika. Hatari ilikuwa kwa mama mwenye virusi vingi kwenye damu siku zenyewe za uchungu: akina mama 39 wa namna hiyo, watoto 19 wakaambukizwa. Karibu nusu. Kuwafanyia upasuaji hakukuwakinga. Na watoto wote hao walizaliwa wazima, wakalia, wakanyonya. Ugonjwa ulikuja siku ya tatu mpaka ya saba, wengi siku ya nne.

Hebu iweke ratiba hiyo Temeke au Tandale. Mama amejifungua salama, kesho yake ameruhusiwa, wodi ina watu wawili wawili kitandani. Siku ya nne mtoto yuko nyumbani, ndani, kwenye chumba chenye pazia zito, arobaini yake ndiyo kwanza inaanza. Anapata joto. Anasusa ziwa. Ukimgusa miguu analia kwa namna ambayo si ya njaa. Mikono na miguu imevimba kidogo, ngozi ina wekundu. Bibi anasema ni uchango, au ni jicho. Siku ya tano macho yanageuka na mkono mmoja unacheza, na neno linalokuja kinywani mwa kila mtu ni degedege, ambalo kwa wengi bado ni jambo la kupelekwa kwanza kwa mtu mwingine, si kwa mwenye koti jeupe. Anapofika hospitali ni siku ya saba au ya nane. Kliniki ya siku ya saba ipo kwenye mwongozo, lakini wengi huisikia tu.

Simlaumu bibi. Amelea watoto sita, na dalili zote hizo zina majina kwenye lugha yake. Tatizo ni kwamba ubongo wa mtoto huyo una kalenda, na mashine zetu zinaifuata kalenda hiyo zitake zisitake.

Mashine ninayoipenda ni ultrasaundi, na nitaieleza kwa sababu ipo karibu kila hospitali ya mkoa hapa mjini, ingawa wengi hudhani ni ya wajawazito tu. Mawimbi ya sauti hayapenyi mfupa vizuri, ila kichanga ana utosi, na utosi ni dirisha. Kwa wengi hufunga mwaka wa kwanza ukishapita, baadhi mpaka karibu miaka miwili, kwa hiyo muda upo. Chupa ya jeli naiweka kwanza kwenye beseni la maji ya moto, kwa kuwa jeli ya baridi ikimgusa mtoto utosini utamtafuta dakika kumi. Mama anakaa na mtoto mapajani au anamlaza ubavuni kwangu akinyonya. Natumia probu ndogo, ile yenye uso usiozidi upana wa vidole viwili. Naiweka juu ya utosi bila kukandamiza, naielekeza mbele kwenye paji la uso, kisha naiinamisha polepole kuelekea kisogoni, na ubongo unapita kwenye kioo kipande kwa kipande. Naigeuza, narudia kwa upande mwingine.

Ninachokitafuta, bibi, ni hiki. Kwanza damu: damu mbichi hung'aa kwenye kioo, na mtoto wa mama mwenye dengi anaweza kuwa na chembe sahani chache, zile za kugandisha damu, mpaka akavuja ndani ya kichwa. Pili vyumba vya maji, vina ukubwa gani, vinalingana? Vikibanwa mpaka vimekuwa kama nyuzi inaweza kuwa ubongo umevimba, au inaweza kuwa hakuna kitu, kwa sababu wachanga wengi wazima vyumba vyao ni vyembamba siku za mwanzo. Tatu mikunjo. Hapa lazima nijue mimba ilikuwa ya wiki ngapi, kwani ubongo wa njiti wa wiki 26 kwa asili yake ni laini, na ukiusoma kama wa mtoto aliyetimiza utamwandikia maradhi asiyonayo. Nne chokaa. Mwisho nahamisha probu nyuma ya sikio, ambako kuna kiutosi kingine kidogo, naangalia ubongo wa nyuma, ule wa mizani ya mwili. Watu wengi huruka hatua hii. Inachukua dakika mbili.

Halafu lazima niseme ambacho ultrasaundi haikioni vizuri, na kwa bahati mbaya ndicho chikungunya inachokifanya. Ugonjwa huu kwa kichanga hushambulia sehemu nyeupe, zile nyaya za kupeleka taarifa kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine, hasa upande wa mbele, pamoja na lile daraja la katikati. Siku za kwanza seli zinavimba, maji yanakwama ndani yake. Kwenye ultrasaundi utaona labda mng'ao kidogo kuliko kawaida, labda usione kitu. MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ina namna moja ya kupiga picha inayopima jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu, na pale maji yalipokwama panawaka weupe kama taa.

Lakini taa hiyo haikai. Baada ya kama wiki moja, siku kumi hivi, weupe unafifia na picha ya namna hiyo inaweza kuonekana kama ya mtoto mzima, ilhali tishu imekwisha kufa. Wiki kadhaa baadaye vinatokea vitundu vyenye maji pale ilipokuwa sehemu nyeupe. Miezi ikipita vitundu vinajifunga, sehemu nyeupe inabaki imesinyaa na daraja limekuwa jembamba. Kwa hiyo mtoto aliyepata degedege siku ya tano, akapigwa picha siku ya kumi na mbili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu au pesa ilikuwa haijapatikana, anaweza kupewa cheti kisemacho ubongo uko sawa. Kama kuna sentensi moja ningependa madaktari vijana waikariri ni hiyo. Picha nzuri iliyopigwa siku isiyofaa inadanganya, na inadanganya kwa upole, kwa lugha ambayo kila mzazi anatamani kuisikia.

MRI ya kichanga nayo ina vituko vyake. Watu hudhani lazima apewe dawa ya usingizi. Mara nyingi hapana. Unamwacha na njaa kidogo, mama anamnyonyesha mlangoni kabisa, anaviringishwa kwa shuka mpaka mikono haitoki, masikio yanazibwa maana mashine inapiga kelele kama watu wanabomoa ukuta, na unaomba Mungu alale nusu saa. Kabla ya hapo kuna mazungumzo ya hirizi. Sumaku ile haina utani. Pini iliyobanwa kwenye nguo dhidi ya jicho, bangili ya kiunoni, hirizi yenye kichuma ndani, wanja wa kwenye paji, vyote vinatoka. Nimejifunza kutomwambia mama avue. Namwamkia bibi, "Shikamoo bibi," naitikiwa, namwomba yeye mwenyewe amvue mjukuu na amshikie mpaka tumalize. Nikimwomba yeye inavuliwa. Nikimwomba mama mtoto, bibi ananuna na mama anaogopa, na mtoto anaamka.

CT skani inaona chokaa na damu vizuri sana na inakwenda haraka, ila inatumia mionzi, na kichwa cha siku tano si cha kumulikwa ovyo. Naikubali pale pengine pote pameshindikana.

Kuna swali jingine, la baba hili, linaulizwa pale dirisha la malipo: picha ya nini wakati dawa ya virusi hivyo hakuna? Ni swali la haki, kwani MRI si bei ya nyanya. Na ni kweli, dengi, chikungunya na Zika hazina dawa ya kuua virusi anayopewa kichanga. Anatibiwa dalili: degedege inatulizwa, maji na maziwa yanapimwa, joto linashushwa. Jibu langu ni kwamba picha inabadilisha mambo mengine. Ikionyesha damu, matibabu yanakwenda njia nyingine siku hiyo hiyo. Ikionyesha usaha au dalili za homa ya uti wa mgongo ya bakteria, hiyo ina dawa, na kuichelewesha ni kuua. Ikionyesha sehemu nyeupe imeumia, mtoto anaanza mazoezi ya viungo mapema, anapangiwa kuonwa macho na masikio, na haachwi mpaka mama agundue mwenyewe mwaka wa pili kwamba mwenzake wa jirani anaongea na wake haongei. Kule Réunion watoto walioambukizwa walipotimiza miaka miwili, kama nusu yao walikuwa nyuma kimakuzi. Kwa wasioambukizwa walikuwa kama 15 katika kila mia.

Tena kuna suala la lawama. Mtoto wa wiki moja akipata degedege mjini hapa, mtu wa kwanza kushukiwa ni mkunga: mtoto alichoka, alikosa hewa, walimchelewesha mama leba. Ukweli ni kwamba mara nyingi hiyo ndiyo sababu. Lakini ubongo uliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa mtoto aliyetimiza miezi, huwa na maumivu yake mahali pake, kwenye viini vya ndani kabisa au kwenye mipaka ya mishipa mikubwa ya damu. Sehemu nyeupe ya mbele ikiwaka pande zote mbili huku viini vya ndani vimesalimika, na mtoto alilia vizuri akanyonya siku tatu, hadithi ni nyingine. Picha peke yake haitaji jina la kirusi, maana kuna virusi vingine visivyo vya mbu, kama parekovirusi, vinavyoacha alama zinazofanana sana. Ila inatosha kumuuliza mama swali ambalo hakuulizwa.

Mmoja alikuja mwishoni mwa masika. Sitaji hospitali wala mtaa, na mambo kadhaa nimeyabadilisha. Mtoto wa kike, uzito mzuri, alizaliwa bila shida, aliletwa siku ya sita na degedege la mkono wa kushoto. Fomu iliyofika kwangu ilikuwa na maneno mawili: "Alichoka leba." Niliweka probu. Sehemu nyeupe ya mbele iling'aa kuliko nilivyopenda, pande zote mbili, vyumba vya maji vyembamba, damu hakuna. Nikiwa bado nafuta jeli nikamuuliza mama, "Mama, wewe mwenyewe ulikuwa unaumwa siku za kujifungua?" Akacheka kidogo, kama mtu anayeulizwa jambo la kipuuzi. "Dokta, mimi nilikwenda leba na homa. Vidole havikunjiki. Niliambiwa ni UTI, nikapewa dawa." Akanionyesha mikono: pete ya ndoa alikuwa ameivua siku ile, na bado haikuwa inaingia.

Nilipiga simu wodini palepale. Daktari wa zamu, binti mmoja makini sana, alipambana akapata nafasi ya MRI kesho yake. Sehemu nyeupe ya mbele na lile daraja la katikati viliwaka. Damu ya kupima virusi ilichukuliwa, lakini ilichukuliwa kwa kuchelewa na ikakaa mahali fulani kwa muda usiostahili, majibu yakarudi hayasemi ndiyo wala hapana. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba sura ya picha inaendana na maambukizi ya virusi ya ubongo, na kwamba historia ya homa ya mama izingatiwe. Mkunga aliyemzalisha nilimwona siku chache baadaye kwenye foleni ya chai. Alikuwa ameshaandika maelezo ya kurasa mbili kujitetea.

Picha ya pili ilitakiwa wiki ya tano, na wiki ya tano iko ndani ya arobaini. Mama mkwe alikataa katakata: mtoto hatoki. Baba wa mtoto alinipigia mimi, sijui namba aliipata wapi, niongee na mama yake. Tuliongea kwa muda mrefu, sehemu kubwa kuhusu presha yake na bei ya mchele. Mwishowe alikubali kwa sharti kwamba aje naye, wapande bajaji ya mtu anayemjua na turubai zake za pembeni zishushwe, na mtoto afunikwe mpaka mlangoni. Walikuja saa moja asubuhi, yeye akiwa mbele. Safari hii ultrasaundi ilitosha: vitundu vidogo vya maji vilikuwepo, viwili mbele kulia, kimoja kushoto. Nilimwonyesha kwenye kioo kwa sababu aliuliza. Alitazama kwa muda, akauliza kama mazoezi yanafanyika hospitali tu au na nyumbani pia, na kama ni nyumbani, basi afundishwe yeye, mama wa mtoto anarudi kazini.

Mtoto anahudhuria mazoezi. Anashika shingo, kwa kuchelewa kidogo. Sijui zaidi ya hapo, na miezi yake bado michache.

Jambo moja limebadilika pale kwetu. Sista mmoja wa leba alichoka kusikia kelele zangu kuhusu fomu tupu, akaenda Kariakoo akachonga mhuri. Unapigwa kwenye faili la mzazi na kwenye kadi ya mtoto: "Homa ya mama wiki moja kabla ya kujifungua au siku mbili baada: NDIYO / HAPANA. Tarehe." Chini yake: "Ndiyo: arudi siku ya nne. Kichwa kipimwe." Tulichanga pesa ya kuuchonga. Mkuu wa kitengo amesema si mhuri rasmi na haujapita kwenye kamati, kwa hiyo usitumike mpaka upite. Kamati haijakaa. Unatumika zamu za usiku, na wiki iliyopita wino uliisha, tukaanza kubishana ni idara ipi inunue.